Hakuna Aliyemwuliza Lan

Evere, Brussels, jioni, kesho ndiyo safari

Trésor mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na rafiki zako, mlango umeubamiza kama kawaida yako, nami nimefuta meza ya jikoni nikakaa kuandika. Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usije ukasoma ukurasa wa kwanza ukidhani ni barua ya mama anayelia. Kulia nitalia kesho uwanja wa ndege wa Zaventem, ukishapita pale wanapowavua watu mikanda. Leo nina hasira, na nimeona heri nikuandikie ningali nayo, maana najijua: nikilala, asubuhi nitakukaangia mayai na habari itaishia hapo.

Naandika Kiswahili cha masista walionifundisha shule kule Lubumbashi. Kile chetu cha nyumbani, cha muntu na mutoto, nikikasirika kinanitoka kwa kasi na mkono haukifuati. Kifaransa nacho nakitumia kutwa nzima na wazee ninaowaosha na kuwalisha kazini, sitaki kukileta hapa. Soma polepole, usiku huu huu. Usimpe dada yako Nadège akusomee, kwa sababu yeye amekasirika kuliko mimi na atakuongezea maneno yasiyokuwemo.

Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha sitakuandikia. Wewe ni injinia, kampuni imekupa nyumba yenye mlinzi na gari lenye dereva, na shangazi zako wa Lubumbashi watakulisha bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu, mpaka suruali zikatae kufunga. Hayo yatajiendesha. Mimi nataka tuzungumze ile Jumapili tuliyokwenda Uccle, ambayo tangu siku ile unaikwepa kila nikiitaja.

Tulikwenda watu wanne, wewe, mimi, Nadège, na Tonton Faustin, kaka mkubwa wa marehemu baba yako. Tulikwenda kumaliza maneno ya ndoa na wazazi wa mchumba wako Lan. Papa Lan alikuwa ameichagua siku hiyo makusudi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba yake. Kwao Vietnam siku kama hiyo wanapika sana, chakula kinatangulia kuwekwa mbele ya picha ya marehemu pamoja na ubani, na habari kubwa ya ukoo anaambiwa yeye kwanza. Hilo halikunisumbua. Sisi wenyewe tunawaambia wafu wetu mambo mengi, ila tunahakikisha padri hasikii.

Papa Lan alinipokea kwa mikono miwili. "Madame, hapa ni kwako," akasema, na naamini alimaanisha. Halafu binamu yake Lan akanishika kiwiko taratibu, nikajikuta naipita sebule, naiacha ile meza ndefu yenye kitambaa cheupe, naketishwa kwenye meza ya pili karibu na jiko, pamoja na wanawake na watoto. Nadège akanifuata amenuna. Wewe ulikaa meza ya juu, kulia kwa Papa Lan, na Tonton Faustin kushoto kwake. Sitakudanganya, hapo sikushtuka. Hata kwetu ningekaa upande wa jiko, na miguu yangu iliijua njia kabla mimi sijafikiri.

Nilichoshangaa ni jinsi wale wanaume walivyoelewana. Mmoja ni mtu wa Likasi, mwingine ni mtu wa Huế, walikuwa hawajawahi kukaa pamoja, na hata hivyo walikuwa wanamaliziana maneno. Papa Lan akisema kwao mdogo hashiki kijiko mpaka mkubwa ashike, Tonton Faustin anapiga paja, "Voilà, kama kwetu kabisa." Papa Lan akisema baba ni nguzo ya nyumba, tonton anaongeza, nguzo na paa. Nimeshuhudia vikao vya ukoo mmoja, watu wa tumbo moja, ambavyo havikwenda laini vile.

Mlango wa katikati ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimeuelekea. Papa Lan akasema: "Trésor amepata kazi nzuri Lubumbashi. Mke humfuata mume. Harusi ikipita, Lan ataacha kazi yake hapa na kumfuata." Tonton Faustin akasema hilo halina mjadala. Wewe ukasema, asante Papa. Halafu Papa Lan, kwa adabu yake yote, akauliza: "Na mama yako, anakubali?" Akakuuliza wewe. Mimi nilikuwa palepale, ningenyoosha shingo tu ningemjibu. Na wewe, bila hata kugeuka kunitazama, ukajibu: "Maman est d'accord." Mkagonga glasi.

Nani alikuambia kwamba nimekubali? Nilikuambia lini, wapi, kwa mdomo upi?

Lan alikuwa amesimama kando yangu na sinia la kuku wa kuchemsha. Aliposikia akasimama vilevile, mvuke unampanda usoni, hatikisiki. Mama yake akamwambia neno moja kwa lugha yao, la chinichini, naye akaingia sebuleni akaliweka sinia mbele yenu. Ukajichagulia paja. Nilikuona.

Msichana yule ni mfamasia, Trésor. Unajua kuliko mimi alivyokesha na vitabu. Wazee wa mtaa anaofanyia kazi wanaingia duka la dawa wanauliza kama Lan yupo, wakiambiwa hayupo wanasema watarudi kesho. Yule bibi mwenye duka anazeeka na ameanza kumdokezea habari za kumwachia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, kwa majivuno, hapa hapa kwenye meza hii. Halafu ukakaa ukatafuna kuku huku watu wanalifunga duka hilo kwa sentensi moja.

Mama Lan aliuona uso wangu. Akanisogezea bakuli la wali, akaniuliza kama kwetu kuna kule kufuata kwa aina tatu. Nikamwambia sikujui. Akanihesabia kwa vidole vilivyolowa maji ya vitunguu: msichana humfuata baba, mke humfuata mume, mjane humfuata mwanawe wa kiume. Akacheka kidogo, akasema ni mambo ya zamani, vijana hawayataki tena, wengi kule kwao wameshayatupa, ila ukoo wa mume wake unayatunza. Mimi nikavitazama vile vidole nikajitafuta, nikajikuta kwenye kidole cha tatu. Nyuma yako. Mimi niliyekubeba mgongoni kwa kikwembe kwenye baridi ya Brussels, watu wananikodolea macho ndani ya trem. Niliyekufundisha kufunga vifungo. Niliyekwenda kupiga magoti kwa mkurugenzi wa shule usifukuzwe. Leo niko nyuma yako na unanijibia. Nikalisukuma bakuli la wali kando.

Nilipokubana tukiwa tunarudi, ulinijibu nini? "Maman, ni desturi yao. Il faut respecter." Ukatazama dirishani.

Bon, tuizungumze hiyo heshima. Hujui kwamba nilimwuliza Papa Lan mwenyewe. Alinipigia simu baadaye kushukuru kwa kitambaa tulichompelekea mkewe, nikamwomba anieleze yale mafundisho ya Konfusio ambayo babu zake waliishi nayo. Alifurahi mno kuulizwa. Nadhani watoto wake hawamwulizi. Akasema watu wamefungwa pamoja kwa kamba tano: mfalme na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Nikamwambia, Papa Lan, katika kamba hizo nne zina mtu wa chini, na ya tano nasikia hata marafiki mnaulizana kwanza nani alitangulia kuzaliwa. Akacheka, akasema Madame umesikia vizuri. Lakini, akasema, mzigo ni wa aliye juu. Baba asiye na huruma hawezi kudai utii. Mfalme akiwa mbaya, mtumishi wake mwaminifu anatakiwa amwambie usoni kwamba amekosea, hata kama kichwa chake kitakwenda, na anayenyamaza ndiye msaliti.

Umesikia? Hiyo ndiyo nusu ya pili ya mafundisho, na pale mezani haikupakuliwa. Mlijipakulia ile ya kufuatwa. Papa Lan alipokuomba uje asubuhi na mapema kumsaidia kupanga ubani na matunda mbele ya picha ya baba yake, kama mwana wa nyumba, ulimwambia una mpira. Desturi ya kuamka mapema hukuiheshimu. Ya kuletewa paja la kuku uliiheshimu papo hapo.

Nikamwuliza tena: na mke, anaruhusiwa kumwambia mume amekosea, kama yule mtumishi? Akasema mke mwenye busara ana njia zake. Nikamwambia njia za jikoni. Akacheka, mimi sikucheka, tukaagana vizuri. Simchukii Papa Lan, uelewe hivyo. Ni mtu anayeamini anachokisema na anabeba anachokiamini. Mama yake mzee anamwogesha miguu yeye mwenyewe kwa mikono yake, hamwachii mtu. Mimi hasira yangu haimhusu yeye kama inavyokuhusu wewe. Yeye alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Wewe uliingia kama mgeni, ukatazama huku na huku, ukaona kiti kizuri, ukakikalia.

Na mama Lan alijaribu kunituliza, maskini. Alisema kwao wanaume wanakaa sebuleni lakini fedha na funguo ziko kwa mwanamke. Kwao mke anaitwa jemadari wa ndani. Jemadari gani huyo asiyeulizwa vita vinakwenda wapi? Sikumwambia hivyo. Mikono yake ilikuwa inakata tangawizi vipande vyembamba vyote sawasawa, na niliogopa kwamba nikimwambia ataniuliza na mimi ni jemadari wa wapi.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa sina pa kujificha. Sasa nikuambie mambo yangu.

Kile kiti kizuri ulikizoea hapa. Nani alikuwa anapakuliwa kwanza katika nyumba hii? Nani alipewa mgongo wa samaki, na dada yake mkia? Nadège alikuwa anapiga pasi mashati yako ya shule huku ana mtihani kesho yake, na aliponiambia, "Maman, yee hana mikono?" nilimjibu, "Ni mutoto bwanaume, muache." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Hakuna Mvietinamu aliyenifundisha. Na baba yako alipofariki, tonton zako walipokaa hapa sebuleni na kukutangaza wewe, na chunusi zako, kuwa papa ya nyumba, mimi nilishukuru. Nilikuwa nimechoka. Nilikutoa kwenye kochi nikakukalisha kwenye kiti cha marehemu, na tangu hapo, mtu wa umeme akija nasema subiri mwanangu arudi. Barua za commune, za serikali ya mtaa, nilikuwa nakuwekea hazijafunguliwa, na mimi najua kusoma kuliko wewe. Kwa hiyo ule ufuasi wa tatu nilikuwa naufanya zamani, bila kujua una jina. Nadège aliuona, akanyamaza mpaka akachoka kunyamaza.

Jambo jingine sijawahi kukusimulia. Unajua kwamba nilikuwa mwalimu Lubumbashi, katika commune inayoitwa Kenya, mtaa wa palepale mjini. Hujui nilivyoacha. Baba yako alikuwa ameshatangulia huku Ubelgiji na alikuwa amerudi likizo. Siku moja baba yangu na baba mkwe wangu walikaa uani na bia zao, mimi niko jikoni nasonga bukari. Nikasikia wanacheka. Mama mkwe akaingia, akachukua sahani, akaniambia kama mtu anayekuambia mvua imeacha: "Banaishapatana. Unaenda naye Ulaya." Nikaendelea kusonga, kwa sababu bukari haisubiri. Nilikuwa na darasa la watoto wa mwaka wa kwanza, ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuunganisha herufi. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa anakaribia, kesho au keshokutwa angesoma neno zima. Sikuwaaga. Walipofungua shule walimkuta mwalimu mwingine.

Baba yako alikuwa mtu mwema. Unalijua hilo na mimi nalijua. Hakunipiga, hakunitukana, mshahara wake alikuwa anauweka mezani. Alikuwa mtu mwema ambaye hakuniuliza, na aliishi na mimi miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna swali aliloliruka. Alipokuwa amelazwa, mwisho mwisho, alikuwa anapenda nimkate kucha. Basi nikiwa namkata kucha akaniuliza, "Albertine, ile siku, weye ulitaka kuja huku?" Trésor, nilikuwa nimelisubiri swali lile tangu ujana wangu. Nikamjibu, "Ndiyo, Papa Trésor, nilitaka." Nitamwambiaje mgonjwa vinginevyo? Akafumba macho ametulia. Na mimi nilitoka kwenye korido nikakasirika mpaka nikaogopa, kwa sababu swali lilikuwa limekuja wakati jibu haliwezi tena kusemwa. Hakuna aliyenitesa. Lakini ninaosha wazee wa watu mpaka leo, na nikipita karibu na shule asubuhi, watoto wanapanga mstari, navuka barabara niende upande wa pili.

Ndiyo maana sikubali uniambie hili ni jambo la wakwe zako. Lingekuwa lao peke yao ningekula wali wangu nikarudi nyumbani.

Nikuambie pia kitu ambacho si kizuri kwangu. Siku ile, baada ya chakula, Lan alileta chai. Alianza na bibi yake, mama yake Papa Lan, yule mzee anayekaa meza ya juu pamoja na wanaume. Halafu akaja kwangu, mbele ya wote, akainama, akanipa kikombe kwa mikono miwili, macho chini, akaniita maman. Nilipenda. Moyo wangu, ambao ulikuwa unachemka tangu lile jibu lako, ulitulia tuli. Nikapokea kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu aliyezoea. Nikafikiri, naam, sasa na mimi nina mtu. Hapo ndipo nilipomtazama yule bibi wa meza ya juu. Mama Lan, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake anasubiri amalize kikombe ndipo na yeye akakae. Bibi hakuwa na haraka. Nikamwuliza mama Lan baadaye kama bibi naye alisimama hivyo ujanani. Akasema alisimama kuliko hivyo, mama mkwe wake alikuwa mkali, alikuwa anamlisha makombo. Sasa amefika juu na hashuki.

Nimefikiri sana juu ya bibi yule. Watu wa chini hawaivunji ngazi kwa sababu kila mmoja ameahidiwa kwamba atapata wa kumkanyaga akivumilia. Mimi niliahidiwa Lan. Nilikwishaanza kumpokea kwa mkono mmoja. Basi nikamfuata jikoni, nikavua saa, nikashika vyombo.

Tuliosha pamoja, yeye anasugua, mimi nasuuza. Nikamwambia kwamba sikuwa nimekubali chochote, kwamba ulisema yako. Akasema, "Najua, Maman. Nilikuona uso." Tukaosha tena. Halafu akasema, kwa sauti ileile, hakulia wala nini: "Na mimi hakuna aliyeniuliza." Nikamwambia, hata Trésor? Akasema: "Trésor aliniambia amepata kazi. Alifurahi sana, akanikumbatia, akasema tutaishi vizuri. Nikasubiri aniulize. Nikafikiri labda ataniuliza kwa baba."

Akafuta sinia, akaendelea. Alisema kaka zake wanapozungumza naye wanamaliza na kuondoka. Alisema alikupenda wewe kwa sababu mlipokuwa mnajuana, ulikuwa ukimwuliza anafikiri nini halafu unanyamaza kweli, unasubiri, mpaka yeye mwenyewe anaona haya kwa sababu hajazoea kusubiriwa. "Sasa sijui nitaolewa na yupi," akasema.

Umesikia maneno hayo? Hajui ataolewa na yupi. Wewe unafikiri mambo yamekwisha, mahari imepokewa, ukumbi wa harusi umelipiwa, imebaki nguo tu. Mimi nakuambia msichana yule amekaa kimya, na ule ukimya wazee wanauita heshima, na mimi ninayeujua kutoka ndani nakuambia kwamba anapima. Unaweza kumpoteza kabla ya harusi. Au usimpoteze, akufuate, akupikie, akuzalie, awe mkeo mwema kule Lubumbashi mpaka siku unakatwa kucha kitandani. Sijui lipi ni baya zaidi. Kwa kweli najua.

Nilitaka kumwuliza mimi: mwanangu, unataka kwenda? Neno lilikuwa mdomoni. Nikalizuia. Si swali langu, na ningelichukua ningekuwa nimekusemea, kama ulivyonisemea. Kwa hiyo sijui jibu lake, na Nadège hajui, na usitupigie simu kutuchimba. Huenda anataka sana kwenda. Huenda ameshaangalia hata maduka ya dawa ya Lubumbashi yalivyo, maana ni mtu wa kuangalia mambo. Huenda anataka wewe ukatae kazi. Huenda anataka mkae mbali mbali kwa muda. Yote yanawezekana, na hakuna hata moja utakalolijua kwa kukaa kulia kwa baba yake.

Utasema Maman, mbona unanigombeza mkesha wa safari. Nakugombeza leo kwa sababu kesho utakuwa bosi wa watu. Utafika Lubumbashi watakuita Papa Injinia, watakubebea mfuko, wafanyakazi watasimama ukiingia, shangazi zako watapiga magoti kukupa maji ya kunawa ingawa walikutangulia kuzaliwa. Kila mtu atakuwa anakujibu ndiyo. Hapo hutaweza kujifunza kuuliza. Ukifika hujui, umekwisha.

Na kama unasema mimi sasa ni mjane na napaswa kukufuata, haya, nakufuata. Aliye nyuma ndiye anayeona mwenzake anapokosea njia. Papa Lan amesema mtumishi anayenyamaza ni msaliti, nami sitaki kuitwa msaliti. Umekosea, Trésor. Umemkosea Lan kwanza, na mimi baada yake.

Kesho Lan ndiye atakayekupeleka kwa gari lake. Mimi na Nadège tutakuja kwa basi, usibishane, tumeshapanga. Tonton Faustin nimemwambia asije, miguu yake inamwuma na mdomo wake haumwumi. Mtakuwa wawili ndani ya gari. Mwulize. Usianze kwa kumweleza mshahara wala nyumba wala mlinzi. Mwulize anataka nini, kisha ufunge mdomo, hata akikaa kimya mpaka mpite Evere yote, hata mfike Zaventem hajamaliza.

Tonton amenipigia leo mchana kunikumbusha nikubariki kabla hujapanda ndege, nikuwekee mkono kichwani na kukunyunyizia maji kwa kinywa, kama mama yao alivyowafanyia wote kila walipokwenda mbali. Unajua hawa wanaume walivyojigawia kila kitu, lakini hili wamewaachia mama zao, kwa sababu wanaliogopa. Hakuna mtu wa kwetu anayesafiri kwa raha bila hayo maji, hata wewe na digrii zako, maana ulipokwenda stage, yale mafunzo ya kazi, Ujerumani ulirudi kutoka ngazini kuyafuata. Ndiyo, natumia ukubwa wangu. Natumia kiti changu, na nakitumia mara hii bila haya.

Nitakuwa nimesimama pale wanapoingilia abiria, na chupa yangu ya maji. Wewe sitakuuliza kitu. Nitamwuliza Lan kama ulimwuliza. Akisema ndiyo, utainama nitakubariki mbele ya Wabelgiji wote, na sitataka kujua alikujibu nini. Hata kama amekukatalia, nitakubariki vilevile. Akisema hapana, maji nitayanywa mwenyewe, na utakwenda.

Mama yako,
Albertine